Wala Usihangaike Kurudisha

Kulikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, kwa kuwa nchi za aina hii hazifi kirahisi, iliyoitwa Jamhuri ya Waungwana. Iko mbali sana na hapa. Msomaji atakayeona inafanana na anapoishi yeye, hiyo ni bahati yake mbaya na serikali yake isihusishwe.

Raia wa nchi hiyo walisifika kwa adabu. Mtu akiwa anakula, hata kama ni muhogo mmoja na watoto watano wameuzunguka, aliyepita njiani alikaribishwa. Mgeni akiaga, mwenyeji alimwambia kwangu ni kwako. Na mtu akimpa mwenzake chochote, iwe chumvi ya kuazima au ng'ombe wa kulimia, alisema, "Wala usihangaike kurudisha." Maana ya maneno hayo ilijulikana na kila mtu. Aliyekaribishwa muhogo alijibu kwamba ametoka kula sasa hivi, akaenda zake na njaa yake. Aliyeambiwa asihangaike kurudisha alirudisha mwisho wa mwezi, tena na kuku juu. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kisha serikali ikaona ni hatari kuuacha uungwana mikononi mwa raia. Ikaunda Wizara ya Uungwana, yenye waziri, manaibu wanne, magari yao, na wakaguzi wa kuzunguka mitaani wakitega masikio. Aliyekutwa anakula bila kukaribisha alitozwa faini. Aliyetoa kitu bila kusema maneno ya kutolea alitozwa mara mbili. Wizara ilifanikiwa sana. Muda si mrefu hata vibaka wa sokoni walikuwa wakisema samahani, na aliyeibiwa alipaswa kujibu bila samahani.

Katika nchi hiyo aliishi msusi mmoja aitwaye Sikudhani Mtulia. Alisuka nywele kwenye kibaraza cha sokoni, akalala kwa mama yake, Bi Mwanahawa, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoiacha marehemu baba. Nyumba ilikuwa na ufa ukutani na mti wa mpera uani, na ndiyo mali pekee ambayo ukoo ule ungeweza kuionyesha kwa kidole.

Sikudhani alimpenda Hemedi Fungo. Tuseme wazi kwamba alimpenda vibaya, mpaka wateja wake walitoka kibarazani na msuko uliopinda kila Hemedi alipopiga simu. Hemedi alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini na shati lililonyooshwa, na kila mara alikuwa anakaribia kuoa. Kilichomchelewesha ni mashine. Alitaka mashine ya kufyatulia matofali, milioni sita tu, maana mwanamume aliyekamilika, alisema, hawezi kwenda kuposa mikono mitupu.

Milioni sita Sikudhani hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni mama. Akamlainisha Bi Mwanahawa kwa wiki kadhaa, na Hemedi naye akaja, akakaa kwenye mkeka, akamwita mama mkwe, akaahidi mbele ya Mungu kwamba fedha itarudi kabla mwaka haujageuka. Bi Mwanahawa akanyanyua godoro, akatoa hati ya nyumba, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Wakaipeleka kwa wakopeshaji, wakopeshaji wakatoa milioni sita, wakasema wala msihangaike kurudisha, kisha wakawasainisha kurasa ishirini zilizoeleza namna watakavyorudisha.

Sikudhani akamtumia Hemedi fedha kwa simu. Ila simu za nchi ile, kwa agizo la Wizara, zilikataa kutuma hata senti moja kabla mtumaji hajaandika maneno ya kutolea. Kwa hiyo aliandika kama kila mtu alivyoandika: "Chukua mpenzi, wala usihangaike kurudisha." Neno mpenzi aliliongeza mwenyewe. Hilo serikali haikumlazimisha.

Mashine ilikuja. Hemedi akatengeneza kalibu yenye herufi S, kila tofali likatoka na S kubwa ubavuni, akasema hiyo ni Sikudhani, nchi nzima itajengwa kwa jina lako. Siku hiyo Sikudhani alisuka vichwa vinne bila kutoza.

Mwaka ukageuka. Matofali yakauzika kama maandazi ya asubuhi, na Hemedi akaoa, ila alimwoa binti wa mkandarasi. Sikudhani alizipata habari hizo kutoka kwa mteja aliyekuwa anasukwa kwa ajili ya harusi hiyohiyo, na ilimbidi ammalize kichwa chote kwa sababu alikuwa ameshalipwa. Akapiga simu wiki nzima haikupokelewa. Ilipopokelewa, hakulia wala hakutukana. Aliuliza tu habari ya fedha ya mama.

"Siku," Hemedi akamjibu kwa ile sauti yake ya chini, "si uliniambia mwenyewe nisihangaike?"

Madai ya fedha baina ya watu waliowahi kupendana yalikuwa na mahakama yake maalumu, yenye jengo la ghorofa tatu na chemchemi ya maji mbele isiyotoa maji. Wakopeshaji walikuwa wameshabandika notisi mlangoni kwa Bi Mwanahawa: nyumba itapigwa mnada mwisho wa mwezi. Sikudhani akafunga kibaraza, akachukua simu yake yenye ule ujumbe, akaenda.

Alielezwa kwamba mahakama haimsikilizi mtu yeyote tu. Kwanza athibitishe kwamba alipenda. Akaingizwa ghorofa ya kwanza, kwa ofisa mnene mwenye kitambaa safi mezani, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama watu wakilia. Sikudhani, aliyekuwa na notisi kwenye mkoba, hakupata taabu. Machozi yakaanza jicho la kushoto. Ofisa akamwambia kwa upole kwamba ya jicho moja yanaonyesha mazoea tu, si mapenzi. Sikudhani akamfikiria mama yake akiuaga ule mti wa mpera, na jicho la kulia likafuata. Ofisa akagonga muhuri: ALIPENDA.

Kwa muhuri huo akapelekwa dirisha la pili, athibitishe kwamba mapenzi yamekwisha. Bibi wa dirisha la pili akamtazama mashavu na kusikitika. Mtu anayelia bado anapenda, akamwambia. Nenda ukarudi mkavu. Akaenda, akarudi mkavu. Bibi akauona ule muhuri wa kwanza, akauliza mtu mkavu kiasi hiki aliupata vipi, akamrudisha kwa ofisa mnene ahakikiwe upya. Akalia tena, akapigwa muhuri, akanawa uso kwenye bomba la vyooni, akajifuta kwa khanga, akarudi dirisha la pili. Alifanya hivyo wiki nzima. Ikafika mahali akawa anaweza kulia ngazi za kupanda na kukauka ngazi za kushuka, na aliogopa siku moja atachanganya.

Bi Mwanahawa alimsubiri kila jioni mlangoni na swali moja, imekuwaje. Sikudhani alijibu inaendelea. Mama hakuuliza zaidi, ila alianza kufungasha vyombo, kidogo kidogo, vile visivyotumika kwanza.

Shauri lilisikilizwa siku mbili kabla ya mnada, na Bi Mwanahawa naye akaja. Kiti kilikaliwa na Mheshimiwa Jaji Daktari Pazi Mwinyikondo, Mlezi wa Chama cha Waungwana Wastaafu, mshindi wa nishani ya ulimi mtamu kwa miaka mfululizo. Alikuwa mzee wa kupendeza. Alimkaribisha kila mtu, akawauliza wanaodaiwa na wanaodai wameamkaje, akamwambia Sikudhani ajisikie yuko nyumbani.

Wakili wa Hemedi hakupoteza muda. Hakubisha kwamba fedha ilitolewa. Aliomba tu ujumbe usomwe, karani akausoma kwa sauti, na neno mpenzi akalivuta kidogo mpaka watu wa nyuma wakaguna. Kisha wakili akaweka tofali mezani. Huyu bwana, akasema, hakumdhulumu mtu. Kwa kila tofali analouza amelipa kwa heshima, jina la mdai huyu limesambaa mpaka mikoani, na kwa bei za matangazo za siku hizi ni yeye anayedaiwa. Hemedi alikaa akitazama viatu vyake. Sikudhani alimtazama akingoja anyanyue macho, hata mara moja, na Hemedi hakunyanyua.

Ikafika zamu yake. Alikuwa ameyapanga maneno kichwani, yote yakapotea.

"Mheshimiwa, yale ni maneno tu," akasema. "Simu haitumi bila kuyaandika. Kila mtu anayasema, na kila mtu anarudisha. Hata wewe unayasema."

Jaji akaweka kalamu chini. Hakukasirika, alionekana kuhuzunika. Akauliza kama mdai anamaanisha kwamba raia wa Jamhuri ya Waungwana husema maneno ya uungwana bila kuyamaanisha. Kama ni kweli, akasema, jambo hilo litathibitishwa kwa urahisi kabisa. Yeyote humu ndani aliyewahi kumkaribisha mtu chakula huku akiomba Mungu akatae, asimame aseme.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na wauza magazeti, wanafunzi wa sheria, wanandoa waliokuja kujifunza, na kwenye benchi la mwisho mkaguzi wa Wizara na kitabu chake cha faini. Sikudhani akageuka. Aliwaona majirani zake, watu waliomwambia karibu asubuhi ileile, mdomo ukiwa umejaa, mkono ukilisogeza bakuli pembeni. Akamwangalia mmoja mmoja. Kila aliyeangaliwa aliona jambo la maana sana darini. Akajua sasa kwamba wamekwisha, yeye na mama, kwa sababu ya aibu ya watu wazuri.

Kiti kikalia. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama, ameshika benchi la mbele kwa mikono yote miwili.

"Mimi," akasema. "Mimi nakaribisha watu kila siku na sufuria haina kitu. Nasema karibu, naomba wasije. Mungu anisamehe, na nyie pia mnasema."

Mkaguzi akapiga hatua mpaka mbele, akaandika faini ya Bi Mwanahawa, akaikata kwa uangalifu, akamkabidhi kwa mikono miwili na kumwambia wala asihangaike. Jaji akaamuru ushahidi wa mama ufutwe, kwa kuwa umetolewa na mtu aliyekiri kuwa anasema asichokimaanisha, na mtu wa namna hiyo haaminiki.

Hukumu ilisomwa papo hapo. Katika nchi hii, alisema Mheshimiwa, neno la uungwana ni ahadi kamili. Mtu mzima mwenye akili timamu hasemi asichokimaanisha. Aliyesema usirudishe amesema usirudishe. Madai yanatupwa, na mdai atalipa gharama, pamoja na ya tofali. Karani akaandika, akagonga mihuri, akampa Sikudhani nakala yake.

Na kwa kuwa sheria ilimtaka kila hakimu amuage vizuri aliyeshindwa, Jaji Mwinyikondo akavua miwani, akatabasamu tabasamu lililomletea nishani, akasema mbele ya watu wote na karani akiandika bado:

"Msiondoke na kinyongo, wanangu. Kwangu ni kwenu. Karibuni wakati wowote, mkae mpendavyo."

Nyumba iliuzwa siku ya mnada kabla ya saa nne. Aliyeinunua alikuwa muungwana kweli. Aliwaambia wachukue muda wao, huku vijana wake wakitoa vitanda. Bi Mwanahawa aliomba apewe mapera machache, akaambiwa achukue yote, ila mti ulikuwa umeshafungwa kamba ya kukatwa na hakuna aliyemruhusu kusogea.

Walikaa barabarani juu ya godoro lililokunjwa. Majirani walipita, na kila mmoja alisema karibuni kwetu na kuongeza mwendo. Sikudhani hakuwalaumu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hasira ilimwia nzito kubeba. Alifungua mkoba kutafuta kitambaa akakuta ile nakala ya hukumu, akaisoma kwa mara ya kwanza, tangu juu mpaka maneno ya mwisho kabisa ambayo karani, kwa bidii ya kazi, alikuwa ameyaandika vilevile yalivyosemwa. Akayasoma mara ya pili. Akamwambia mama ainuke, wanahama.

"Tunahamia wapi, mwanangu?"

"Kwetu," akasema Sikudhani.

Nyumba ya Mheshimiwa ilikuwa mtaa wa wakubwa, yenye bustani, mabati mekundu na ukuta mpya uliokuwa haujapakwa lipu. Mlinzi wa getini, mtu mzima mmoja aitwaye Chilumba, aliwaona wakija na mkokoteni: godoro, sufuria, jiko, na kuku wawili wamefungwa miguu. Akauliza wana shida gani. Sikudhani akampa hukumu asome. Chilumba akaisoma polepole akifuata mstari kwa kidole, akafika mwisho, akarudia. Kisha akafungua geti, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kisheria ya kutolifungua.

Wakatandika barazani. Mke wa Jaji akatoka, na kwa mazoea ya miaka mingi akasema karibuni, akajishika mdomo. Akapiga simu. Jaji akaja na gari, na polisi wakaja na lao. Mkuu wa kituo, kijana mwenye nidhamu, aliisoma hukumu akiwa amesimama wima. Aliomba radhi kwa Mheshimiwa kwamba hawezi kuwatoa. Imeandikwa hapa, alisema, mtu mzima hasemi asichokimaanisha. Labda Mheshimiwa athibitishe kwamba si mtu mzima, au kwamba akili hazikuwa timamu, na kwa yote mawili itabidi aanze kwa ofisa wa ghorofa ya kwanza.

Kwa muda wa saa tatu au nne, Sikudhani na mama yake walikuwa na nyumba. Bi Mwanahawa aliketi kwenye kiti cha bembea akiogopa kukibembeza. Habari zilikuwa zimeshatoka nje ya mtaa. Watu walianza kukumbuka walichoambiwa na wakubwa. Kijiji kimoja kikafunga safari kwenda kwa waziri aliyewahi kukiambia hamtapata shida ya maji nikiwepo. Wazee wa pensheni wakajipanga kwa naibu aliyewaita baba zangu. Simu za serikali zikawa zinalia nchi nzima, na Jaji Mwinyikondo alikaa garini mwake, madirisha amefunga, akizungumza na mtu aliyemwita mkuu.

Saa kumi redio ikatoa tangazo. Kuanzia leo, na kuanzia miaka kumi iliyopita, maneno mazuri ya mtumishi wa umma mwenye gari la serikali ni mapambo ya mazungumzo, na hayana, wala hayajawahi kuwa na, nguvu yoyote. Maneno mazuri ya raia wa kawaida yanabaki kuwa ahadi kamili. Wananchi wanakumbushwa kuendelea kuyasema, kwani faini ziko palepale.

Mkuu wa kituo aliwasaidia kubeba godoro, akasema poleni, na alionekana kumaanisha. Jaji aliingia ndani bila kuaga. Geti likafungwa nyuma yao.

Wakaweka vitu vyao chini nje ya ukuta, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuviweka. Sikudhani akaegemea, na mgongo ukagusa kitu chenye mbonyeo. Akageuka. Tofali lile lilikuwa na herufi S ubavuni, na la pembeni yake pia, na ukuta mzima, kutoka kona mpaka kona, ulikuwa S, S, S. Chilumba alichungulia kwenye tundu la geti akamwambia kwamba ukuta ulijengwa mwezi uliopita, matofali yaliletwa bure na bwana mmoja mwenye shati zuri, aliyesema Mheshimiwa asihangaike kabisa.

Sikudhani alipitisha kidole kwenye herufi ya jina lake. Alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Mama yake alikuwa amefungua khanga akitafuta mapera ambayo hakuyachukua.

Wapita njia wa jioni ile walikuwa kimya. Tangazo walikuwa wamelisikia, na raia alikuwa ameelewa kwamba neno likimtoka, limemtoka. Watu walipita wamefunga midomo. Nyumba ya pili waliokuwa wanakula barazani waliwaona, wakahamisha sinia ndani na kuvuta pazia, maana kula nje bila kukaribisha ni faini, na kukaribisha sasa kulikuwa hatari zaidi.

Geti likafunguka kidogo. Ukatoka mkono wa Chilumba na kikombe cha bati cha uji, cha moto, uji wake mwenyewe wa zamu. Alitazama juu na chini ya barabara kama kuna mkaguzi. Hakusema karibuni. Maneno ya kutolea nayo hakuyasema, na kwa hilo pekee faini yake ingekuwa mara mbili. Aliunyoosha mkono tu mpaka Sikudhani akakipokea kikombe.

"Kikombe nirudishieni," akasema Chilumba. "Sina kingine."

Sikudhani akainamia kikombe akalia, macho yote mawili kwa pamoja, na hapakuwa na ofisa wa kumgongea muhuri. Katika nchi nzima, tangu mama yake alipotoa ile hati, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia kwamba kitu kilichotolewa kinarudi. Akanywa nusu, akampa mama nusu. Kisha akakifuta kwa upindo wa khanga, ndani na nje, akapiga hodi getini, akakirudisha kwa mikono miwili.